Fiziotherapia kwa Maumivu ya Kichwa na Kipandauso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya, kwa ajili ya wagonjwa wa Unguja na Pemba, yameandikwa na mtaalamu wa fiziotherapia ambaye huwapokea watu waliokwisha kumeza vidonge vya kila namna kabla hawajaulizwa lolote kuhusu shingo zao. Hayachukui nafasi ya daktari. Yanakusudia kumwonesha msomaji ni maumivu yapi ya kichwa yanayosaidiwa sana na mikono na mazoezi, ni yapi yanayosaidiwa kwa kiasi tu, na ni yapi ambayo shingo haitakiwi kuguswa hata kidogo mpaka daktari awe amemwona mgonjwa.

Fiziotherapia si ya waliovunjika na waliopata kiharusi? Kichwa kinaingiaje hapo?

Wengi tuliiona mara ya kwanza hospitalini, pale jamaa aliyepooza alipokuwa akifundishwa kusimama tena, na ndiyo maana tunaifunga na mikono na miguu. Lakini shingo nayo ni kiungo, tena chenye kazi nzito, kwani inabeba kichwa chenye uzito wa kiasi cha kilo 5 tangu mtu anapoamka hadi anapolala.

Neva tatu za juu za shingo hupeleka taarifa zake kwenye sehemu ileile ya shina la ubongo inayopokea taarifa za neva kubwa ya uso, ambayo ndiyo inayohisi maumivu ya paji, macho na mashavu. Watu wa nyumba mbili wanapobisha mlango mmoja, aliyemo ndani hawezi kumjua mgeni kwa mbisho peke yake. Hivyo ndivyo kiungo kilichokaza chini ya fuvu kinavyoweza kuleta maumivu juu ya jicho, na mgonjwa akaenda kupima macho miaka miwili mfululizo bila ya kupata jibu. Na kinyume chake ni kweli vilevile: kipandauso kinachoanzia ndani ya kichwa huweza kusikika shingoni, tena mara nyingi hutangulizwa na shingo kukaza. Hili la pili husahauliwa mno, na ndilo linalowafanya wagonjwa wengi wakandwe shingo isiyokuwa na kosa lolote.

Ni wakati gani nisije kwenu kabisa, bali niende hospitali moja kwa moja?

Nimeliweka swali hili mapema kwa makusudi. Nenda hospitali mara moja ikiwa maumivu yamekupiga ghafla yakafika kilele ndani ya dakika moja; ikiwa una homa na shingo imekakamaa; ikiwa mdomo umepinda, ulimi umekuwa mzito, au mkono au mguu umelegea; ikiwa unaona vitu viwiliviwili au kope ya jicho moja imeshuka; au ikiwa kichwa kimeanza kuuma baada ya kuanguka kutoka kwenye mkarafuu au mnazi, au baada ya ajali ya bodaboda, hata kama siku ya kwanza ulijiona mzima. Aliyevuka umri wa miaka 50 akapata maumivu ya aina asiyoijua, mwenye saratani, na anayeishi na virusi vya UKIMWI, nao waonane na daktari kwanza.

Homa na kichwa kuuma vinahitaji kipimo cha malaria, hata kama ugonjwa huo umepungua sana visiwani kwetu, na hasa kwa mtu aliyerudi kutoka bara hivi karibuni. Kuhusu presha, watu wengi huilaumu kwa kila kichwa kinachouma, ilhali presha iliyopanda kidogo kwa kawaida haileti maumivu yoyote, na hapo ndipo penye hatari yake. Ikifika 180 kwa 120 au zaidi pamoja na kichwa kuuma, huo ni wito wa kwenda hospitali usiku huohuo.

Maumivu mapya ya upande mmoja wa shingo na kichwa, ambayo mtu hajawahi kuyapata maishani mwake, huweza kuwa dalili ya mshipa wa damu wa shingo kuchanika. Shingo ya namna hiyo haikandwi wala haizungushwi.

Nitajuaje kama changu ni kipandauso, ni cha mkazo wa misuli, au kinatoka shingoni?

Kipandauso hukaa baina ya saa 4 na saa 72 kisipotibiwa. Mara nyingi hushika upande mmoja, hupwita, huwa kikali cha kutosha kumlaza mtu, na huzidi anapopanda ngazi au kuinama. Huja na kichefuchefu au kutapika, au mgonjwa huchukia mwanga na kelele kwa pamoja. Wengine hukerwa na harufu, na katika nyumba zetu, ambamo udi hufukizwa kila Alkhamisi na manukato hayakosekani harusini, jambo hilo peke yake humfanya mtu aitwe mwenye kudeka. Baadhi huona vimulimuli au mistari ya mwanga kabla ya maumivu, kwa muda wa dakika 5 hadi 60.

Maumivu ya mkazo hubana pande zote mbili kana kwamba kichwa kimefungwa kitambaa. Hayapwiti, hayatapishi, na mtu huweza kuendelea na kazi zake ingawa kwa tabu. Huweza kudumu nusu saa, na huweza kudumu wiki nzima.

Maumivu yanayotoka shingoni huanzia kisogoni na kupanda mpaka jichoni au kwenye paji, kwa kawaida upande uleule bila ya kuhama. Mgonjwa hawezi kugeuza shingo vizuri, na maumivu huamshwa na shingo kukaa vibaya au kushinikizwa mahali maalumu. Hata hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na mawili kati ya hayo kwa pamoja, na kuyatenganisha huhitaji mazungumzo marefu kuliko vipimo. Picha ya eksirei ya shingo, ambayo wagonjwa huja wakiiulizia kwanza, mara nyingi haiongezi kitu, kwa kuwa kuchakaa kwa pingili huonekana hata kwa watu wasioumwa popote.

Fiziotherapia inaponya kipandauso?

Haiponyi. Kipandauso ni maradhi ya ubongo wenye wepesi wa kusisimka, aghalabu hurithiwa katika ukoo, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kukiondoa. Anayekuahidi hivyo anakudanganya, hata kama nia yake ni njema.

Kinachowezekana ni kupunguza idadi ya siku za maumivu, na hapo mazoezi yana ushahidi mzuri kuliko mikono. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 nchini Sweden, wagonjwa 91 waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walifanya mazoezi ya dakika 40 mara 3 kwa wiki, wa pili walifundishwa kuulegeza mwili, na wa tatu walipewa topirameti, dawa ya kuzuia kipandauso. Baada ya miezi 3 mashambulizi yalipungua katika makundi yote bila ya tofauti ya maana, na madhara yaliripotiwa katika kundi la dawa pekee. Kuhusu kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, utafiti wa Norway wa mwaka 2017 uliohusisha watu 104 ulionesha kwamba waliofanyiwa tiba ya kweli walipata nafuu, lakini waliofanyiwa tiba ya kuigiza nao walipata nafuu iliyokaribiana na hiyo. Kwa hivyo mgonjwa wa kipandauso akija kwangu humtembeza zaidi kuliko kumkanda. Kwenda kwa mwendo wa haraka ufukweni baada ya Alasiri, jua likiwa limepoa, ni dawa asiyoilipia. Lakini aanze polepole, kwa sababu ubongo wa aina hii huchokozwa na mazoezi ya ghafla.

Shingo ya mwenye kipandauso ikiwa kweli imekaza na inauma hata siku zisizokuwa na shambulio, kuishughulikia kunasaidia. Ikiwa inauma pale tu shambulio linapokuja, shingo hiyo inatoa taarifa ya kinachotokea kichwani, na wala si yenyewe inayokichokoza.

Na yale yanayotoka shingoni, matumaini yakoje?

Makubwa zaidi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia wagonjwa 200 wenye maumivu ya kichwa yatokanayo na shingo. Tiba ya mikono ilipunguza maumivu, mazoezi mepesi ya misuli ya ndani ya shingo yaliyapunguza vilevile, na nafuu ilikuwa bado ipo baada ya miezi 12, ingawa matibabu yenyewe yalichukua wiki 6 tu. Napenda kuwasomea wagonjwa matokeo hayo, kwa sababu mtu aliyeumwa miaka kumi huona muhali kwamba kutikisa kichwa kidogo mara kumi asubuhi na jioni kunaweza kuwa tiba.

Kazi yangu ni ya kuinama kutwa. Je, niache?

Hakuna mtu anayeweza kumwambia mama wa Jambiani aache mwani au wa Wete aache karafuu. Tunachokitazama ni namna ya kazi na muda wake.

Mfungaji wa mwani hukaa chini miguu ameinyoosha, kamba iko mapajani, kidevu kimeshuka kifuani kwa saa nzima na zaidi, halafu huingia majini kuinama tena huku mwanga wa jua ukirudishwa na bahari usoni mwake. Shingo huumia kwa kukaa, na macho yanayokunjwa kwa mwanga humwongezea tabu yule mwenye kipandauso. Kamba ikiinuliwa, tuseme kwa kuifunga kwenye miti miwili kwa kimo cha kifua, kidevu hupanda chenyewe bila ya mtu kujikumbusha. Kofia pana ivaliwe juu ya mtandio.

Mchumaji wa karafuu ana tatizo la kinyume. Yeye hutazama juu, na viungo vya juu vya shingo hubanwa kwa nyuma. Jioni huketi kuchambua karafuu na makonyo kichwa kikiwa chini, hivyo siku moja humpeleka mwisho wa mwendo wa shingo pande zote mbili. Ashuke kwenye tawi kabla ya kuchoka, asogee mahali ambapo kichala kiko mbele ya uso badala ya kukitazama kwa juu, na uchambuzi ufanyiwe mezani au kwenye jamvi lililowekwa juu ya kitanda cha kamba.

Kwa mshona kofia, mpaka hina, mwanafunzi wa skuli na kijana wa simu, nasaha ni moja: kiinue unachokitazama, na ubadilishe mkao kila baada ya dakika 30. Hakuna mkao mmoja ulio mzuri kiasi cha kukaliwa kutwa. Mwenye kubeba ndoo kichwani, ambaye shingo imekwisha kuanza kumuuma, agawe maji katika madumu mawili madogo ya mkononi mpaka apate nafuu.

Siku ya kwanza nitafanyiwa nini?

Utaulizwa sana. Kisha utapimwa presha, nguvu za mikono, hisia na macho yanavyofuata kidole. Baada ya hapo utalala chali, nitakiinamisha kichwa chako mpaka mwisho na kukigeuza polepole kulia na kushoto. Kipimo hiki hutenga kiungo kilicho baina ya pingili ya kwanza na ya pili, ambacho peke yake hufanya takriban nusu ya mgeuko wote wa shingo. Kwa kawaida kichwa hugeuka kiasi cha nyuzi 44 kila upande. Kikikwama mapema upande mmoja, na mgonjwa akasema, “Hapohapo ndipo kinaponianzia,” tumekwisha kuijua njia. Taya nazo hutazamwa, maana kusaga meno usiku huchosha misuli ya panja.

Mgonjwa mwanamke anayo haki ya kuomba ahudumiwe na mtaalamu mwanamke au awe na mtu wake chumbani. Kisogo na mabega huweza kufanyiwa kazi juu ya kitambaa chepesi cha mtandio.

Nifanye mazoezi gani nyumbani?

Ikiwa umekwisha kuchunguzwa na huna dalili za hatari nilizozitaja, anza na hili. Lala chali juu ya mkeka, magoti yakiwa yamekunjwa, na taulo nyembamba iwe chini ya kichwa. Itikia “ndiyo” kwa kidevu, kwa mwendo mdogo sana, kana kwamba hutaki mtu wa pembeni akuone, bila ya kukinyanyua kichwa. Shikilia kwa sekunde 10 huku ukipumua, kisha legeza. Fanya mara 10, asubuhi na jioni. Ukiona mishipa ya mbele ya shingo inasimama, umetumia nguvu kupita kiasi.

La pili ni la mabega: keti wima, vuta mafupa ya mabega nyuma na chini kidogo, shikilia kwa sekunde 10. Kizunguzungu kikija, acha na utoe taarifa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la vijana wanaoanza kwa kuzungusha shingo duara kwa kasi. Zoezi hilo halina faida kwa maumivu haya, na huikera shingo iliyokwisha kuumia.

Hijama, kukandwa na kualishwa shingo kwa kinyozi vinasaidia?

Kukandwa mabega na mtu mwenye mkono mwepesi, kwa mafuta ya nazi au ya karafuu, huleta raha ya kweli ya saa kadhaa, na simkatazi mtu. Raha hiyo haijengi nguvu ya misuli, kwa hivyo maumivu hurudi.

Hijama ni sunna inayoheshimiwa, na baadhi ya wagonjwa hunieleza kwamba imewapa wepesi. Ninachokisisitiza ni wembe mpya kwa kila mtu, kwa sababu wembe wa kushirikiana huambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na pia kwamba anayetumia dawa za kuifanya damu kuwa nyepesi amwulize daktari wake kwanza.

Kualishwa shingo kwa kiti cha kinyozi, kwa kuipinda ghafla mpaka ilie, nakukataza waziwazi. Mishipa miwili ya damu inayopeleka damu nyuma ya ubongo hupita ndani ya pingili zenyewe za shingo, na kupinda kwa ghafla kumewahi kuhusishwa na kuchanika kwa mishipa hiyo na kiharusi. Ajali hizo ni chache, lakini anayepata ajali hiyo huweza kuwa kijana mzima aliyekwenda kunyoa tu.

Nameza Panadol karibu kila siku. Kuna ubaya?

Upo, na si wa ini na figo pekee. Anayetumia dawa za kawaida za maumivu, kama parasetamoli au ibuprofeni, siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi 3, huweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, na kwa dawa za kundi la triptani, zinazomezwa kukatiza shambulio la kipandauso, mpaka ni siku 10. Mtu huamka na kichwa, humeza, hupoa, kisha hukiamkia tena. Mimi huweza kumfanyia mgonjwa huyu kazi ya shingo miezi mitatu bila ya tija mpaka vidonge vipunguzwe, na kuvipunguza kufanywe na daktari, kwa sababu wiki za mwanzo huwa ngumu. Nawaomba wagonjwa wasione haya kutaja idadi. Siwalaumu, duka la dawa liko karibu kuliko kliniki.

Ramadhani kichwa kinanipasuka. Nifanyeje?

Sababu huwa ni nyingi kwa pamoja: kahawa iliyokatwa ghafla, usingizi uliovunjwa, maji kidogo, na njaa, ambayo kwa mwenye kipandauso ni kichokozi kinachojulikana. Kichwa cha kukosa kahawa huanza ndani ya saa 24 na kwa kawaida huisha ndani ya wiki, hivyo anayekunywa vikombe vingi barazani aanze kupunguza kikombe kimoja kimoja kuanzia katikati ya Shaabani. Daku isiachwe, na iliwe karibu na alfajiri. Mazoezi ya kutembea yahamishiwe baada ya futari.

Mwenye mashambulizi makali amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dawa. Mgonjwa amepewa ruhusa na aya ya 184 ya Suratul Baqara kufungua na kulipa siku nyingine, na sheikh wake atamweleza masharti. Anayezidiwa anapokwenda sijda wakati wa shambulio naye amwulize sheikh kuhusu kusali kwa kukaa na kuashiria.

Mimi ni mjamzito. Naweza kutibiwa?

Unaweza, na mazoezi mepesi yanakufaa kwa kuwa dawa nyingi hukatazwa. Lakini baada ya wiki 20, kichwa kinachouma pamoja na macho kufifia, uso au mikono kuvimba, au maumivu chini ya mbavu za kulia, ni dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia. Nenda kliniki ya wajawazito siku hiyohiyo, upimwe presha na mkojo.

Jambo jingine ambalo wanawake wengi hawajaambiwa: mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, kwani huongeza uwezekano wa kiharusi. Zipo njia nyingine, na mkunga au muuguzi atakueleza.

Nilalie mto gani?

Uwezao kukiacha kichwa sambamba na mgongo unapolala ubavu. Mto wa sufi uliopigwa ukajaa unatosha. Ukibonyea katikati, uanikwe na ujazwe upya. Kulala kifudifudi ndiko kunakoihangaisha shingo zaidi.

Nihudhurie mara ngapi? Natoka Micheweni, ni mbali.

Kwa maumivu ya shingoni, mara 8 hadi 12 ndani ya wiki 6 ndicho kiwango kilichotumika katika ule utafiti wa Australia. Kwa anayetoka mbali, mahudhurio machache yenye mafunzo mazuri ya nyumbani ni bora kuliko mengi yanayokatizwa kwa kukosa nauli. Mwambie mtaalamu hali yako siku ya kwanza, naye apange kwa kadiri hiyo. Wiki 6 zikipita bila ya mabadiliko yoyote, haifai kuendelea vilevile. Turudi kwenye swali la ni maumivu ya aina gani.

Nije na kitu gani?

Njoo na daftari uliloliandika kwa wiki 4: tarehe, saa maumivu yalipoanza na yalipokwisha, ukali wake kuanzia 0 hadi 10, dawa uliyomeza, usingizi, na siku za hedhi kwa mwanamke. Anayeandika kwa taabu amwombe mtoto wake wa skuli amsaidie, au atie alama kwenye kalenda ya ukutani na kuileta kalenda yenyewe. Njoo na vidonge vyote ndani ya paketi zake, vikiwemo vya mitishamba, na miwani kama unavaa. Na kama unafanya kazi ya mkono, iwe kofia unayoishona au kamba ya mwani, ilete pia, uketi uifanye mbele yangu kwa dakika tano.